Mshale Uliotembea Peke Yake

Duka langu la steshenari pale Kilwa Masoko nimelisimamisha mwenyewe. Nilibeba mizigo Kariakoo miaka saba, nikajilipia ada mpaka nikapata stashahada ya kompyuta, na niliporudi nyumbani sikurudi mikono mitupu: kompyuta ya mezani, printa, skana, na stashahada yangu ndani ya fremu. Kuanzia Tingi hadi Songo Mnara, anayetaka kuomba chuo kwa mtandao anakuja kwangu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na vyeti vya watu, vitambulisho vyao na nywila za maombi ya wanafunzi. Mama mmoja wa Songo Mnara alivuka maji na cheti cha kuzaliwa cha binti yake kimefungwa kwenye kanga, akanikabidhi kama anayekabidhi mtoto mchanga.

Mama yangu mzazi alikuwa akikaa mlangoni pa duka akibangua korosho. Shule yake ni chuo cha Kurani tu.

Asubuhi moja simu iliita. Kijana mwenye Kiswahili safi cha Dar alisema anatoka kitengo cha usalama cha kampuni iliyotengeneza mfumo wa kompyuta yangu, na kwamba mashine yangu inasambaza virusi. Akanielekeza nifungue orodha ya makosa ya mfumo. Alama nyekundu zilikuwa zimejaa. Sasa, mimi niliyesoma najua kila kompyuta ina alama hizo, hata iliyo nzima kabisa. Lakini alikuwa ameshaniita "mtaalamu" mara nne, akasema ni nadra kupata mteja anayeelewa upesi hivi, nami niliona hajakosea. Nikapakua programu aliyoitaja, nikamsomea tarakimu zilizotokea, nikabonyeza kukubali.

Mshale wa kompyuta ukaanza kutembea peke yake.

Mama akanyanyua kichwa. "Mwanangu, wewe umeshika simu. Nani anasogeza hicho?"

Nikamweleza kwa fahari kuwa ni mtaalamu mwenzangu, yuko mbali, ananitengenezea mashine. Akauliza kama amepiga hodi. Nilicheka. Akasema basi nimpe nafasi amsalimie, maana kwetu mtu haendi vyumbani kabla hajaonana na wenye nyumba. Nikaweka spika, nikamwambia kijana kuwa mama yangu anamsikiliza.

Mama alisubiri shikamoo yake. Haikuja. Akamuuliza kwa utulivu yeye ni wa kwa nani, ofisi yao iko mtaa gani, mkubwa wake nani. Kijana akajibu kuwa muda hakuna, virusi vinakula mafaili, bibi asiingilie mambo ya kitaalamu.

"Basi kata simu, baba," mama akasema. "Tutakupigia sisi, kwa namba ya ofisi tutakayoitafuta wenyewe."

"Mkikata tu, mmekwisha."

Wakati huo mshale ulikuwa umeshafungua folda ya vyeti. Mimi nilikuwa nimekaa tu, stashahada yangu ukutani. Mama hakunisubiri. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya maganda ya korosho, kwa hiyo alishika waya wa umeme kwa pindo la kanga, akauchomoa.

"Mgeni wako ameanzia chumbani," akaniambia, akarudi kwenye korosho zake.

Kilichofuata nilikifanya vizuri, na sidhani kama wilayani yupo wa kunizidi. Nilichomoa waya wa mtandao kabla ya kuwasha tena. Nilibadilisha nywila zote kwa kompyuta ya rafiki yangu, si kwa ile. Niliifuta mashine yote, nikaweka mfumo upya, nikaripoti ile namba ya simu. Ila kuwaambia wenye vyeti sikutaka. Ni mama aliyesema vyeti si vyangu, wenyewe wana haki ya kujua.

Nikazunguka mlango kwa mlango. Yule mama wa Songo Mnara alipovuka tena, nilimweleza dukani kuwa mtu nisiyemjua aliingia, na huenda alikiona cheti cha binti yake. Akauliza nani alimtoa.

Nikaonyesha mlangoni.

Akatoka, akamwamkia mama yangu, wakazungumza muda mrefu. Aliporudi ndani alifungua kanga yake, akatoa cheti cha binti wa pili, akaniambia nikiskani mama akiwa ameketi karibu.

Kiti cha mama sasa kiko ndani, ubavuni mwa kompyuta.