Jina Chini ya Chokaa

Mie Dominick simpendi, na nalisema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia kwa haki. Sisimulii kwa haki. Namsimulia Veronika, fundi wa redio na friji hapa Nangurukuru, shoga yangu, ambaye banda lake limegusana na jiko langu la supu. Mtu aliyemnyang'anya shoga yangu mali ya baba yake mchana kweupe, huku watu wanacheka, atafute haki kwa mwingine. Kwangu mie Salima haipo.

Nianze na hicho kilichonyang'anywa. Baba yake Veronika, marehemu Valentini, ndiye wa kwanza kuleta gemu hapa njia panda. Alikwenda Dar akakuta duka moja la gemu linafungwa, akanunua kabati lao la mbele, lile ambalo wateja walikuwa wakijaribia gemu kabla ya kununua. Lilikuwa refu kunishinda mie. Juu lina TV ya chogo nyuma ya kioo, chini yake pedi mbili za kuchezea zilizofungwa kwa waya mtu asiondoke nazo, na kichwani ubao wa taa. Lilikuja juu ya basi limefunikwa turubai. Valentini akaandika ubavuni kwa mkono wake mwenyewe, herufi nyekundu: KWA VALENTINI, KARIBU TUCHEZE. Watoto walitoka mpaka Kinjumbi kuja kulishangaa. Likiharibika, Veronika ndiye aliyemshikia baba yake bisibisi, na ufundi wake wote ulianzia hapo.

Valentini akafa. Sasa hapa mgeni lazima nimweleze. Kwa watu wa huku, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani, na siku ya kuondoa matanga mtani ana ruhusa zake. Anaweza kuvaa koti la marehemu akamwigiza mwendo, akakumwagia maji, akakumbatia kitu chochote cha nyumba ile akasema hiki changu. Na wewe hukasiriki. Ukikasirika umejiaibisha wewe na ukoo wako mzima. Unampelekea kuku, anacheka, anakurudishia kitu chako, watu wanakula na msiba unakwisha.

Dominick ni mtoto wa Katarina, dada yake Valentini. Siku ile akavaa koti la mjomba wake, akacheza, akalikumbatia kabati. "Hili langu!" Watu wakacheka. Mama yake Veronika akapeleka jogoo. Dominick akampokea yule jogoo, akamla, na kabati akabaki nalo! Kila akiulizwa anachekelea: "Si utani, jamani?" Veronika, wakati ule binti wa shule, alilia mpaka sauti ikamkauka, na wazee wakamwambia anyamaze, mtani hakasirikiwi. Hata shangazi yake Katarina aliinamisha kichwa asiseme neno. Mie nilikuwepo, nakata vitunguu vya pilau. Nilitamani kumrushia Dominick sufuria.

Hakuishia hapo, mshenzi yule. Alipaka rangi juu ya jina la mjomba wake, akaandika DOMI, akafungua chumba cha gemu ng'ambo ya barabara. Mpaka juzi alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyeleta gemu Nangurukuru. TV ilipokufa akalitupa kabati uani, kuku wakahamia. Na Veronika kila akifungua banda asubuhi, jina la kwanza kulisoma ni DOMI, juu ya mlango wa ng'ambo.

"Kabati hata likioza, lioze," aliniambia siku moja. "Mie nataka jina la baba yangu lisomwe tena na watu walewale waliocheka. Na Domi awepo."

Nilimwambia amshitaki. Akacheka. Utamshitaki mtani kwa nani?

Mwaka jana, haya, Dominick huyo kavuka barabara. Vitu vya zamani vimekuwa dili, vijana kutoka Dar wanavipiga picha, naye anataka kulisimamisha kabati mbele ya chumba chake kipya. Wala hakuona haya. "Binamu, fundi ni wewe tu. Nifufulie lile kabati."

Nilijua atamtemea mate. Nikaacha mwiko sufuriani nione.

"Lete," akasema Veronika.

Nilimnunia siku nzima. Lakini alipoanza kazi nikashindwa kukaa mbali. Kwanza aliyatoa mavi ya kuku kwa panga. Plaiwudi ya chini ilikuwa imevimba kwa mvua, akaikata na kuunga mpya. Chuma akakipiga msasa mpaka kikang'aa. TV ya chogo aliitafuta kote, akaipata kwa bibi mmoja wa Nyangamara aliyekuwa anaiwekea maua ya plastiki juu yake. Raba za ndani ya pedi zilikuwa zimekufa, akakata nyingine kutoka kwenye rimoti mbovu, moja moja, na wembe. Siku gemu ilipowaka ikapiga ule muziki wake, mie mtu mzima nilipiga vigelegele, abiria wa basi la Lindi wakanitazama.

Ubavu aliuacha mwisho. Alichovya tambara kwenye thina, akasugua ile rangi ya DOMI taratibu sana. Ikatoka. Chini yake ikaja V, ikaja A. Aliposoma jina lote alikaa chini kwenye vumbi, akasema, "Baba," halafu akasema, "Nitamkomesha." Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alikoroga chokaa, akatia bluu ya kufulia, akaipaka juu ya jina la baba yake. Kila mtu hapa akipaka chokaa nyumba yake hutia chumvi na gundi ili ishike. Yeye hakutia hata chembe. Juu yake akaandika DOMI kwa chokaa nyeupe, vizuri, kama alivyoagizwa.

"We Veronika una wazimu? Umelifukua jina unalizika tena?"

"Litatoka lenyewe," akasema. "Tuombe uzima."

Dominick alifurahi kama kaoa. Veronika akamwonya asiguse ubavuni, rangi bado changa. Veronika alipanga kungoja siku ya ufunguzi wa chumba kile kipya. Ila kabla ya ufunguzi, baba yake Dominick, mzee Clemence, akafariki, Mungu amrehemu, yeye hakuwa na ubaya na mtu. Siku ya kuondoa matanga ukoo ulijaa uani, na Dominick, kwa kujishaua, akaliweka kabati barazani, limewashwa, ili ndugu waone.

Nilikuwa jikoni na wenzangu nikasikia watu wanaangua kicheko. Nikatoka mbio. Veronika anaingia, majivu usoni, amevaa koti. Koti lile lile la Valentini! Anatembea kama baba yake, mguu wa kushoto akiuburuta kidogo, mkononi ana ndoo ya maji. Wazee wakapiga makofi: "Mtani huyo! Mtani kaja!"

Akafika barazani, akachomoa waya wa umeme kwanza, fundi ni fundi. Akalikumbatia kabati. "Hili langu!"

Dominick akacheka, kicheko cha kulazimisha. "Haya, mleteeni kuku."

"Kuku baadaye. Mtani wangu mchafu, ngoja nimwogeshe." Akamwaga ndoo nzima ubavuni.

Chokaa ikachuruzika. DOMI ikateremka yote, ikatiririka sakafuni pamoja na ile bluu, na herufi nyekundu zikabaki zinang'aa. Kicheko kikakata. Mzee mmoja akasoma kwa sauti, akivuta maneno: "Kwa Valentini. Karibu tucheze." Wengine wakarudia. Mie nilirudia kwa kelele kuliko wote.

Hapo Dominick akakosea kosa ambalo mtu wa huku hakosei. Alikasirika. Alimkamata Veronika mkono, akaunyanyua wake ampige. "Mwizi wee! Toka kwangu!"

"Kakasirika!" Watani wote wakapokea, "Kakasirika! Mtani kakasirika!" wakipiga masufuria. Dominick akaushusha mkono.

Katarina aliinuka kwenye mkeka wake wa ujane. 

"Domi. Jogoo wa msiba wa kaka yangu ulimla?"

"Mama, ule ulikuwa ut..."

"Ulimla. Niliona, nikanyamaza kwa sababu wewe ni mwanangu. Mpaka leo nikimwota kaka yangu hanitazami." Akamwonyesha kabati kwa kidole. "Libebe. Mpelekee mwenyewe."

Akalibeba, wallahi. Yeye mbele, watani watatu nyuma, chokaa inamlowesha shati jeupe la msiba. Mabasi yalisimama kumpisha. Makondakta wakawa wanasoma lile jina kwa sauti, na kila aliyesoma, Veronika alimwitikia, "Ndiyo, ni baba yangu." Lilipokauka akaliwasha bandani, na gemu ikapiga muziki wake.

Kesho yake asubuhi Dominick akavuka barabara. Kajipa moyo, kitu cha utani hukombolewa. Chini ya kwapa ana jogoo mkubwa mwekundu. Akasimama mbele ya banda, macho chini.

"Binamu, nimekuja kukomboa kabati."

Veronika akampokea yule jogoo kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Akamshukuru. Kisha akanigeukia mie, akaninyooshea jogoo.

"Salima, mchinjishe huyu. Leo tunakunywa supu."

"Na kabati?" Dominick akauliza.

"Si utani, binamu?"

Jogoo yule alikuwa mgumu, nilimchemsha mpaka adhuhuri. Tulikula yeye na mie, mifupa tukaifyonza. Bakuli moja Veronika aliniambia nimpelekee Dominick, nami nikavuka barabara nikampelekea.