Kalamu ya Kijani Kwenye Ramani Yetu ya Milimani

Asubuhi ile nilifungua friji mbovu nikakuta ramani yangu imesahihishwa kama daftari la mwanafunzi wa darasa la nne.

Kwa kalamu ya kijani.

Pale nilipokuwa nimeandika "Jumanne, hifadhi ya kwanza, tunalala hapo," mtu alikata mstari mmoja safi, juu yake akaandika: "Jumatano. Jumanne barabara hii ina malori ya mbao."

Nikageuka nyuma. Hakuna mtu.

Nikafunga friji. Nikafungua tena. Kijani kipo palepale.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkadhani nilishaanza kurukwa na akili.

Mimi ni fundi wa friji. Nyuma ya nyumba nina kibanda cha kazi, na humo ndani kuna friji moja iliyonishinda miaka mingi iliyopita. Haigandishi, haipozi. Kazi yake imebaki moja tu, kutunza siri.

Na siri yenyewe ilikuwa safari.

Wiki nzima, mimi na mke wangu, gari letu dogo, hifadhi tatu za milimani. Wawili tu. Miaka kumi na mbili ya ndoa, hatujawahi kusafiri bila mtoto mapajani au bila kuwa tunawahi mazishi. Sasa watoto wako shule ya bweni, mke wangu ni nesi na likizo yake imekubaliwa. Nafasi ndiyo hiyo.

Kikwazo kimoja. Mama mkwe.

Anaishi nasi mwaka wa nne sasa, tangu mzee wake afariki. Ana miaka sitini na nane. Tusielewane vibaya, ni mtu mwema mno. Lakini ukimwambia unakwenda dukani, atakuuliza duka gani, kwa nini lile, na mbona umevaa hivyo.

Mke wangu alinionya mapema.

"Tukimwambia, atataka kuja. Akitaka kuja, siwezi kumkatalia. Na akija, atakaa kiti cha mbele."

"Na wewe?"

"Mimi nyuma, na mabegi. Hiyo ndiyo safari unayoitaka?"

Hapana. Siitaki.

Basi tukamdanganya. Tena uongo wa kisomi. Tukamwambia tunakwenda semina ya ndoa.

Mama alikuwa anafuma sweta. Akatutazama juu ya miwani.

"Mna matatizo?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Ni ya kuzuia. Kama chanjo."

"Wiki nzima?"

"Ndoa ni pana, Mama."

Akarudi kwenye uzi wake.

"Nendeni. Mnaihitaji."

Mke wangu akampigia dada yake mkubwa aje akae na Mama wiki hiyo. Dada mkubwa ni dereva wa gari la wagonjwa, mtu asiye na maneno mengi. Akasema, "Nitakaa naye," akakata simu. Mambo yakawa yameiva.

Mpaka kalamu ya kijani ilipoingia.

Mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa mke wangu. Nani mwingine? Mama hakanyagi kibandani, anasema harufu ya gesi inamuumiza kichwa.

"Kama hupendi mpango wangu ungesema tu," nikamwambia. "Sio kunikatakata na kalamu."

"Nimekatakata nini?"

Nikamwonyesha. Akaitazama ramani, kisha akanitazama mimi.

"Huu ni mwandiko wangu?"

Nikanywea. Mke wangu anaandika kama kuku aliyefukuzwa. Mwandiko huu ulisimama wima, herufi moja moja, kama askari kwenye gwaride.

Siku mbili baadaye yakaongezeka mengine.

"Hapa msilale. Mbu."

"Mteremko huu shuka na gia ya pili, breki zitaungua."

"Lango la hifadhi ya tatu hufungwa saa kumi na mbili jioni, si saa moja."

Hilo la lango lilinichoma. Nikapiga simu hifadhini kuuliza. Askari aliyepokea akasema, "Saa kumi na mbili kamili, mzee. Dakika moja ikipita, unalala nje."

Kwa hiyo si tu kwamba kuna mtu anapekua friji yangu. Ni mtu anayejua kuliko mimi! Hapo ndipo roho iliniuma.

Nikaamua kumchokoza. Nikaandika kwa makusudi: "Alhamisi: tunapanda hadi kileleni kwa ndala, tunalala bila hema."

Kesho yake, kijani: "Mna wazimu?"

Nikaandika: "Wewe ni nani?"

Jibu: "Andika tarehe vizuri kwanza."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi sikucheka. Nilichukua grisi nyeusi, ile ya mota, nikapaka kidogo chini ya mpini wa friji, mahali usipopaona lakini vidole lazima vipite.

Asubuhi iliyofuata tuko mezani. Mama anakunywa chai, katulia, anatuuliza semina itaanza saa ngapi Jumatatu.

Akavua miwani aifute.

Kwenye mguu wa miwani, alama ya kidole. Nyeusi tii.

Nikamkanyaga mke wangu chini ya meza. Akaiona. Chai ikampalia, akakohoa mpaka Mama akampiga mgongoni.

Tukakimbilia kibandani kama watoto waliovunja sahani.

"Kumbe ni yeye!" nikasema. "Ametupata tangu lini?"

Nilitegemea mke wangu acheke. Akakaa juu ya kopo la rangi, macho yakajaa machozi.

"Unajua alikuwa anafanya kazi gani?"

Nilijua. Stendi ya mabasi, dirisha la tiketi.

"Miaka thelathini," akasema. "Anamwandikia kila mtu safari yake. Madereva wanamsimulia njia, huyu anasema mteremko, yule anasema mbu. Njia zote anazo kichwani. Hajawahi kupanda hata basi moja kwenda huko. Kila mwaka baba alikuwa akimwambia, mwakani. Na sisi tumemficha, ndani ya friji."

Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Mama wa watu anaamka mapema, anavumilia harufu inayomuumiza, ili tu aguse ile safari kwa kalamu. Na hakutusema. Alitusahihisha tu, tusipotee.

Jioni hiyohiyo tukaenda kwake. Tukakaa kwenye mkeka kama washtakiwa.

"Mama," mke wangu akaanza, "hakuna semina."

"Najua."

"Tunakwenda milimani. Tunakuomba twende wote."

"Utakaa mbele," nikaongeza haraka.

Sindano za kufuma zikasimama. Nilitegemea machozi, au walau tabasamu.

Mama akawa kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Mimi? Hapana, hapana. Magoti haya? Nendeni zenu."

"Mama, tunakuomba..."

"Nimesema nendeni! Dada yenu anakuja kukaa nami, mnataka aje akae na kuta?" Kisha akaninyooshea kidole. "Na wewe, mkwe. Huo mpango uufuate kama ulivyo sasa. Usibadilishe siku. Hata moja."

"Sawa, Mama."

"Hata moja!"

Tukatoka pale tumelowa huruma. Mke wangu akasema, "Umeona anavyojinyima kwa ajili yetu?"

Nikasema nimeona.

Jumatatu tukaondoka. Dada mkubwa alifika na begi lake, akatupungia mkono, akafunga mlango hata kabla hatujawasha gari.

Safari ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Jumanne, kwa amri ya kijani, tulibaki mji wa chini tukila na kulala. Jumatano tukaingia hifadhi ya kwanza. Mke wangu alikaa kiti cha mbele, miguu juu ya dashibodi, anaimba vibaya kwa furaha. Nilikuwa nimesahau kwamba anaimba vibaya hivyo.

Kila jioni tulimpigia Mama simu.

"Unaendeleaje, Mama?"

"Nipo tu. Nanyoosha miguu."

"Mbona kama kuna upepo?"

"Feni hiyo."

"Na hao wanaocheka?"

"Redio. Haya, kuleni, mlale salama."

Mke wangu alikuwa akikata simu anajifuta machozi. "Masikini, yuko peke yake na redio."

Ijumaa tulitakiwa kubaki hifadhi ya pili. Lakini ukungu ulishuka mpaka ukawa huoni boneti ya gari lako mwenyewe. Nikamwambia mke wangu, "Kukaa hapa ni kutazama maziwa. Twende ya tatu leo."

"Mama alisema tusibadilishe siku."

"Mama yuko nyumbani na feni."

Tukateremka kwa gia ya pili. Saa kumi na moja na nusu tukawa langoni. Askari wa hifadhi, mtu mnene mwenye kofia ndogo, akanipa daftari la wageni nijaze.

Jina, kazi, sababu ya safari.

Nikainama niandike. Mstari wa juu yangu ulikuwa umeandikwa kwa herufi zilizosimama wima kama askari kwenye gwaride.

Kazi: mstaafu. Sababu ya safari: starehe.

Wino wa kijani.

"Hawa," nikamuuliza askari, "wako wangapi?"

"Wale kinamama? Wanne. Yaani wale! Dereva wao mwanamke ana mikono ya chuma. Wameimba tangu kule kwenye kona ya chini."

Mke wangu alisoma juu ya bega langu. Alirudi kwenye gari, akafunga mkanda, akasema neno moja:

"Endesha."

Tuliwakuta kwenye baraza la nyumba ya wageni. Dada mkubwa, miguu juu ya ukuta. Bibi wawili waliofanya naye kazi kwenye lile dirisha la tiketi, ninawajua, walikuja harusini kwetu. Na katikati yao, amevaa suruali, miwani ya jua na lile sweta alilokuwa akilifuma mbele ya macho yetu, Mama.

Aliponiona alitazama saa yake.

"Leo ni Ijumaa," akasema. "Ninyi ni wa kesho."

"Mama!" mke wangu akapaza sauti. "Magoti?"

"Yamepona."

"Dada, ulisema utakaa naye!"

"Si nimekaa naye?" dada mkubwa akajibu, hata mguu hakushusha.

Mimi nilikuwa na swali moja tu.

"Mama, yale malori ya mbao ya Jumanne..."

"Malori gani?"

Wale wazee wawili wakaangua kicheko, mmoja akamwaga kinywaji chake.

Hapo ndipo nikaelewa. Hakutusahihisha tusipotee. Alitusukuma siku moja nyuma, tusimkute njiani! Alikuwa ameuona mpango wetu mapema, akaupenda, akautengeneza, akajichukulia ule mzuri. Sisi tukabaki tunamfuata nyuma kama tela.

"Lakini tulikuomba uje nasi," mke wangu akasema. "Tulikuomba, Mama. Mbona ulikataa?"

Mama akavua miwani ya jua. Akamvuta mwanaye akaketi karibu naye.

"Mwanangu, ningekuja nanyi ningekuwa mama wa watu. Mngeniuliza kama nasikia baridi. Mngenishika mkono kila penye ngazi. Mngelala mapema kwa ajili yangu, na mngenung'unika chumbani mkidhani sisikii." Akanitazama mimi. "Uongo?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Miaka thelathini nimekaa nyuma ya dirisha naona watu wanaondoka. Sikutaka kwenda huku nikiwa mzigo, hata mzigo unaopendwa. Nilitaka kwenda na mimi nikiwa msafiri. Na hawa hapa, hakuna anayeniuliza kuhusu magoti. Tunabebana wote, wote tuna magoti."

Mke wangu akalia, kisha akacheka, kisha akafanya vyote viwili pamoja.

"Haya," Mama akasema akisimama. "Vyumba vimejaa, sisi ndio tumechukua cha mwisho. Lile hema lenu liko wapi?"

"Hatukubeba hema, Mama."

"Basi gari lenu lina viti viwili vinavyolala." Kisha akainama, akatunong'oneza kwa ukali wa mwalimu: "Na mezani tusijuane. Wageni wengine wa humu nimewaambia nimewatoroka wanangu kabisa. Msiniharibie."

Nawaapia, tulikula meza mbili mbali naye kama wageni wasiojuana. Alipopita kwenda kunawa, alitusalimia, "Hamjambo, vijana," nasi tukajibu, "Shikamoo, Mama," kama tumemwona leo.

Asubuhi gari lao lilitangulia. Mama kiti cha mbele, kioo chini, mkono nje, anaimba. Anaimba vibaya kuliko binti yake.

Nikashika ufunguo niwashe. Mke wangu akanizuia mkono.

"Waache wafike mbali kwanza."

Tukakaa pale saa nzima, hatuendi popote, tunatazama mlima ukifunguka.

Ndugu zangu, mimi nimejifunza hili. Mzee aliye ndani ya nyumba yako si fanicha, na wala si mgonjwa wa kulindwa. Ni mtu mzima mwenye hamu zake, marafiki zake na uongo wake. Kabla hujamwonea huruma, muulize wiki hii ana ratiba gani. Unaweza kukuta wewe ndiye unayemziba njia.