Darasa la Tabi Uani Kwetu

Ipo asubuhi moja ya Kinondoni ambayo mpaka leo haijanitoka, mwanangu. Nilikuwa bado kijana, mama wa mtoto mmoja, nimejifunga kanga kiunoni natafuta kiatu cha pili cha binti yangu Tabitha chini ya kitanda. Kiatu nilikipata, mtoto sikumwona. Nikaita chumbani, nikaita jikoni, nikaita bafuni. Mwisho nikamkuta nyuma ya nyumba, ndani ya banda la kuku, amechuchumaa na sare yake ya shule, kuku wanadonoa pembeni ya miguu yake. Hakuwa analia. Alinitazama tu, akasema, "Mama, leo niache na mimi niwe kuku."

Nyie vijana mnaokuja kwangu hapa Goba mmewashika watoto mkono, mnaniuliza nilianzaje kumfundisha mwanangu nyumbani. Nilianzia kwenye banda la kuku.

Tabi alikuwa darasa la pili. Alikuwa mtoto mchangamfu wa nyumbani, anajua kuimba, anajua kumbembeleza mtoto wa mwenzio akanyamaza. Lakini herufi zilimkimbia. Ukimfundisha "a" asubuhi, jioni anaitazama kama mgeni. Ukimtuma akalete sufuria kisha afunike ndoo ya maji, atafanya moja, la pili limeshapotea njiani. Mwalimu wake hakuwa mtu mbaya, usinielewe vibaya. Alikuwa na chumba kimejaa watoto, wamebanana kwenye madawati, na fimbo ndiyo aliyofundishiwa yeye. Tabi akawekwa nyuma. Akiitwa ubaoni, wenzake wanaanza kucheka kabla hajashika chaki. Akirudi nyumbani hasemi kitu. Ikafika wakati akawa hasemi na yeyote, hata nami, na alfajiri nilikuwa nakuta godoro limelowa, mtoto aliyeacha kukojoa kitandani zamani.

Mume wangu, Elia, Mungu amlaze pema, alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Alimpenda binti yake sana, ila aliamini hakuna mtoto asiyeelewa, kuna asiyekazaniwa. "Mtoto wa mwalimu atashindwaje kusoma, Mama Tabi?" alikuwa akiniambia hivyo huku anasahihisha madaftari ya watoto wa wenzake. Siku ile ya banda la kuku nilimwambia Tabi harudi tena kule. Nikaacha na kazi yangu ya ukarani. Elia alikaa siku kadhaa tunakula meza moja, anaomba chumvi tu.

Basi nikajifanya mwalimu. Sebule niliigeuza darasa, mwanangu, ungeniona ungecheka. Nilipaka rangi nyeusi kipande cha mbao, nikanunua chaki, nikaleta hata kengele. Nikamvalisha mtoto sare ile ile. Na kila tulipoanza nilifunga madirisha na kushusha mapazia, kwa sababu nyumba za Kinondoni zimekaribiana, ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Sikutaka wasikie. Nilikuwa namwuliza, "Hii ni nini? Nimekwambia hii ni nini?" na sauti yangu inapanda kila siku. Baada ya wiki chache Tabi akapata mahali papya pa kujificha, chini ya meza ya sebuleni.

Ng'ambo ya uchochoro alikaa Bi Shirin, mjane wa Kihindi, Mshia, ambaye marehemu mumewe alikuwa na duka la vitambaa. Mama mwembamba, miwani mizito, Kiswahili chake cha watu wa mjini hasa. Alikuwa na kawaida ya kutuletea kachori zikiwa bado za moto. Mchana mmoja akabisha, sikusikia, akaingia, akanikuta nimesimama na chaki na mtoto yuko chini ya meza.

Aliweka sahani, akaenda moja kwa moja dirishani akavuta pazia.

"Mbona mmejifungia kama wenye msiba?"

"Sitaki watu wasikie, Bi Shirin."

"Wasikie nini?"

Nikaanza kufuta ubao. Alimwita Tabi, akampa kachori moja, akamwambia akale nje na atutazamie paka asije. Mtoto alipotoka, yule mama akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yamemfika kifuani.

"Mie nilikuwa na kaka," akasema. "Alikuwa taratibu, kama huyu wako. Tulikaa mjini, ghorofani. Wageni wakija, mama anamwingiza chumba cha nyuma, anafunga mlango. Usidhani hakumpenda. Alimpenda kuliko sie wote, alimlisha kwa mkono wake mpaka amekuwa mtu mzima. Lakini siku kaka alipofariki, majirani wa ngazi moja nasi waliuliza jeneza ni la nani. Hawakujua kama nyumba ile ina mtoto mwingine wa kiume."

Akafuta miwani yake kwa ncha ya mtandio.

"Umemtoa kwenye darasa linalomwumiza, binti. Umefanya vizuri. Sasa umemjengea jingine dogo zaidi, na wewe ndiye uliyeshika fimbo. Mambo ya kusoma kwake mie siyajui. Ila huyu mtoto usimfiche."

Alipoondoka nililia mpaka kanga ikalowa. Nilikasirika pia, kwa kweli. Nilijiambia, huyu mama anajuaje nilivyochoka? Lakini kesho yake nilimvua mtoto sare, kengele nikaificha kabatini, nikatandika mkeka uani, mahali ambapo kila anayekwenda kuteka maji atatuona.

Uani ndipo Tabi alipoanza kujifunza. Sitakudanganya kwamba ilikuwa haraka. Tulichukua sinia kubwa la kuchambulia mchele, tukamwaga mchanga laini, akawa anachora herufi kwa kidole. Herufi moja tulikaa nayo hata mwezi. Nikikanda unga wa chapati namkatia kipande, anasokota "s" kama nyoka, tunaikaanga, anaila. Kuhesabu alijifunza kwa kuruka kamba, maana watoto wa mtaani walipotoka shule walikuja kucheza pale pale, na kwenye kamba huwezi kuruka bila kuhesabu. Wao ndio waliomfundisha, mimi nilikuwa nachambua maharage tu nikisikiliza. Kuna siku alihesabu vizuri mpaka nikaimba. Kesho yake zote zimepotea, tunaanza upya. Nilijifunza kutokununa. Hilo lilinichukua muda kuliko alivyochukua yeye kujifunza kuhesabu.

Elia alikuwa akirudi kazini anapita kando ya mkeka, anasalimia, anaingia ndani. Lakini nilimwona akichungulia mlangoni.

Kisha wakaja watu wa serikali. Kuna jirani alikwenda kusema kwamba tuna mtoto wa umri wa shule anakaa nyumbani. Alasiri moja tukamwona mjumbe wetu wa nyumba kumi ameongozana na mama mmoja aliyebeba mkoba, afisa elimu wa kata. Elia alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu. Nikajua sasa atasema, "Mwulizeni mwenyewe, mimi nilimkataza."

Afisa akainama kwa Tabi, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, jina lako unaweza kuliandika?"

Tabi akanisogelea, akajificha nyuma ya kanga yangu. Naikumbuka mikono yake ilivyonishika paja kwa nguvu. Hapo Elia akaja na soksi zake mkekani, akachuchumaa na suruali yake ya kazini, akalisawazisha lile sinia la mchanga kwa kiganja. Hakumwita mtoto. Akakaa tu kama anayesubiri chai. Muda ukapita, mjumbe akaanza kukohoa. Elia akamwambia afisa, "Tuvumilie, mama. Huyu binti yangu anakwenda polepole. Na mie baba yake nilichelewa kumwelewa."

Tabi akatoka nyuma yangu. Akapiga magoti, akaandika kwa kidole: TABI. Herufi ya B ilitazama upande usio wake.

"Moja imegeuka," alisema afisa.

"Itageuka tena," Elia akajibu. "Jana ziligeuka mbili."

Yule mama akacheka, mwanangu. Akakaa kwenye mkeka, akanywa chai yetu. Akatuambia hakuja kumkamata mtu, ila lazima mtoto aandikishwe mahali, na kwamba upande wa Temeke kuna shule ya msingi yenye kitengo cha watoto kama Tabi. Ilikuwa mbali, lakini tulikwenda. Pale nilikutana na walimu waliosomea kazi hii, na mama wengine waliodhani wako peke yao duniani. Wakanionyesha namna ya kuigawa kazi moja vipande vidogo, kipande kwa kipande, na kutumia picha. Tabi akawa anakwenda kule siku kadhaa za wiki, nyingine tunabaki na mkeka wetu. Na tangu alasiri ile, kila jioni sinia lilikuwa la Elia. Nikiwa jikoni nilikuwa nawasikia wakicheka, nami nachelewesha chakula makusudi.

Nyumba ile haipo tena. Wameivunja, wamejenga ghorofa la vioo, sijui hata ua wetu ulikuwa upande gani. Bi Shirin alifariki, Elia naye akamfuata baada ya miaka. Nikikaa hapa kibarazani Goba, huwa nazisikia bado zile sauti za watoto na kamba ikipiga chini.

Tabi sasa ni mtu mzima. Anasuka nywele kwenye saluni ya jirani, na wapo wateja wanaomsubiri yeye tu kwa kuwa mkono wake ni mwepesi. Ujumbe wa simu anausoma taratibu, midomo ikicheza. Safari za mbali hawezi peke yake, na mambo ya benki tunamsaidia. Kama nina hofu ya kufa, ni hiyo, nani ataendelea kumsaidia. Sitaki uondoke hapa ukidhani mambo yote yalinyooka.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Ukimtoa mtoto shuleni, jiulize kwanza unamtoa kwa ajili yake au kwa ajili ya aibu yako. Kama ni kwa ajili yake, basi usimfungie. Acha acheze na wenzake, nao wamzoee wangali wadogo. Watafute waliosomea, usione haya kuuliza, maana upendo wako hautoshi kukufundisha kila kitu. Mvumilie mwenzako anayechelewa kuelewa. Na yeye ana kasi yake. Siku sauti yako ikianza kupanda, funga somo, mle, mkalale. Herufi itakuwepo kesho. Na umfundishe yale atakayoyahitaji akiwa hana wewe, hata kama hayamo kwenye mtihani wowote.

Mungu akupe afya na umri mrefu wa kukaa naye. Akuzungushie watu wema, na akuonjeshe furaha ya vitu vidogo ambayo wengi hawaijui. Na mtoto huyo, akue akijulikana mtaani kwa jina lake, siku akiumwa watu waulize, Fulani mbona leo hatumwoni? Amina. Haya, mlete nimshike, nimbariki na yeye.