Kifunguo Kilichokwama Kwenye Gurudumu

Siku ile uani kwetu Buhembe tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu aliye kwenye kiti cha magurudumu, dereva wa gari dogo aliyekuja kumpeleka shule ya bweni Muleba, na jirani yetu, mjane wa fundi baiskeli, aliyekuja kumuaga mtoto.

Kiti hakikuingia kwenye buti. Ilibidi tung'oe magurudumu makubwa. La kulia lilitoka mara moja. La kushoto lilishikiliwa na bolti yenye tundu la pembe sita, ile inayofunguliwa kwa alenki, kifunguo cha chuma kilichopinda. Tundu lilikuwa limelika tangu kiti kikiwa cha mtu mwingine.

Nilijaribu namba sita, yaani ya milimita sita, ikazunguka bure. Namba saba haikuingia kabisa. Nikaimwagia bolti mafuta ya taa, nikashindwa kusubiri, nikajaribu tena huku mdogo wangu wa kike akikishikilia kiti. Dereva alipiga honi ingawa sote tulikuwa mbele yake.

"Dada, abiria wangu wananisubiri Kashai. Mtoto aende, kiti kitafuata."

"Kitafuata kwa miguu ipi?" kitinda mimba akauliza kutoka mkekani tulikomkalisha. "Au mtanibeba darasani kama mkungu wa ndizi?"

Tukacheka, nami nikarudi kwenye bolti. Bila kiti asingeweza kukaa bwenini, na nafasi ile angepewa mwingine. Mimi niliacha shule darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini. Sikutaka na yeye abaki uani.

Jirani akaenda kwake. Akarudi na kopo la zana za marehemu, ambalo sikuwahi kuliona likifunguliwa. Vifunguo vyake vilikuwa vya vipimo vya inchi. Kimoja kiliizidi namba sita kidogo tu.

"Kipigilie," akaniambia.

"Mama, kitakwama humo."

"Waitu, mwanangu, gonga! Gari linaondoka."

Nikakigonga kwa nyundo mpaka kikabana. Nilikaza kidogo kwanza, kama nilivyomwona mumewe akifanya, kisha nikarudisha nyuma. Bolti ikalia, ikaachia. Ila kifunguo hakikutoka. Nilikivuta, nikakigonga pembeni. Dereva alishawasha gari. Tukapakia kiti hivyohivyo, kifunguo kikiwa ndani ya bolti.

Kitinda mimba anasema kinamfaa huko shuleni. Akitaka kupanda gari anakizungusha kwa mkono, gurudumu linatoka. Wenzake wanadhani kiti kilitengenezwa hivyo.

Jirani hajauliza. Mimi ndiye nisiyetulia. Nikipita mlangoni kwake naharakisha, halafu nageuka kumsalimia. Nimezunguka maduka ya Kashai kutafuta kinachofanana nacho. Nikionyeshwa kimoja nakigeuzageuza, kisha nakirudisha. Alichokuwa akikishika mumewe kiko Muleba, na bado sijamrudishia.