Unga Ndani ya Kidonge cha Shangazi

Shangazi yangu Efrazia wa Gitting alikuwa amemaliza miaka minne bila kuanguka kifafa, na hiyo miaka aliipigania mwenyewe, kidonge kimoja kila jioni. Alikuwa ameanza kuachiwa jiko. Violeth, mkwe wake, alikuwa ameanza kumwachia hata mtoto mchanga ambebe. Kwa mtu aliyelindwa miaka ishirini kama yai, hilo si jambo dogo.

Kisha baba yangu, Herman, akaharibu. Ni mdogo wake, ni mwalimu wa sayansi, na elimu ikimpanda kichwani hashikiki. Alisaga kidonge kimoja, akakidondoshea iodini, kikageuka bluu nyeusi vilevile kama anavyofundisha darasani.

"Dada, huu ni wanga. Wanakupa unga!"

Shangazi amelima mahindi maisha yake yote. Kupewa unga kwa jina la dawa kulimuuma. Akaacha kumeza. Siku ya nne akaanguka jikoni, mkono ukaingia motoni. Nilimfunga kidonda huku nikimchukia baba yangu waziwazi.

Shangazi hakusubiri mkono upone. Alitembea mpaka zahanati na kikopo chake cha vidonge, akakitua juu ya meza ya nesi Raya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Humu ndani kuna unga, au hakuna?"

"Upo," Raya akasema. "Dawa yenyewe ni kidogo mno, hata kuishika vidoleni huwezi. Unga unaijaza ifike ukubwa wa kidonge, tena unaishikanisha isimomonyoke. Ila usiache ghafla tena, mama. Utakufa."

Shangazi akalikumbuka shamba lake. Yeye mwenyewe akipanda ulezi huchanganya mbegu na mchanga mkavu, la sivyo kiganja kimoja kinamwaga mbegu yote mahali pamoja. Hakuna jirani aliyewahi kuuona ule mchanga akasema Efrazia hana mbegu.

"Si mngeniambia hivyo siku ya kwanza!" akafoka. Akaomba maji, akameza kimoja palepale.

Kabla ya kwenda kwake alipitia kwetu. Baba alisimama akamwamkia, macho yake yako kwenye ile bandeji. Shangazi hakukaa.

"Herman, unga uliupima vizuri," akasema. "Dawa ungeipima kwangu. Miaka minne sikuanguka, na ulikuwa unaniona."