Kilo Sitini Pamoja na Buibui

Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, Baba aliingiza pikipiki uani kwetu, mtaa wa Amani, akaipandisha kwenye stendi ya katikati, akaniita.

"Naam," nikamjibu, na spana nshaishika. Mimi sina maneno mengi mbele za watu, lakini nati iliyogoma naipenda, kwa sababu hainiulizi mbona nimenyamaza.

Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa, na Mama alikuwa keshaapa hapandi tena. Safari ya mwisho ya kwenda Jambiani kwa bibi, kila shimo lilimpata kiunoni, akashinda kitandani na chupa ya maji moto mgongoni. Garini nako hutapika. Basi tangu sikukuu bibi anauliza mwanawe yuko wapi. Sasa Mama ametupa nafasi moja tu: tukishafunga shokapu mpya atapanda, azunguke mpaka uwanjani na kurudi.

"Mgongo ukiniuma," alimwambia Baba, "kesho nenda peke yako, ukamsalimie mama'angu."

Tulianzia shokapu za mbele, tukamwaga oili yake ya zamani. Ilitoka nyeusi, inanuka hasa. Mama akauliza kutoka jikoni, "Nani kaleta papa aliyeoza?"

"Mwanao," Baba akasema.

Nilicheka mpaka nikajimwagia oili mguuni. Tukatia oili nzito zaidi, ili mbele isizame Baba akishika breki.

Kisha tukafunga zile shokapu mpya za nyuma, zenye pete chini ya springi. Ukiizungusha, springi inakaza, inabeba mtu mzito bila kugota chini. Kwa hiyo lazima ujue abiria ana uzito gani. Baba akakohoa kwanza.

"Mama watoto, samahani. Uzito wako kiasi gani?"

Sufuria zikanyamaza. Kisha: "Sitini. Pamoja na buibui."

Baba aliniangalia. Mimi nikaiangalia spana. Akakaza pete kwa hesabu ya sitini, maana nani atabishana na anayempikia, akenda msikitini kuswali adhuhuri.

Sasa, aliyemsindikiza Mama kituo cha afya mwezi uliopita ni mimi. Mizani niliiona. Themanini na nne, na yeye aliniona nikiiona. Kumwambia Baba sikuweza. Hata kuandika hapa naona haya. Lakini sitini ile ingegota kwenye shimo la kwanza, na bibi angebaki kuchungulia njia. Nikakaza pete kwa hesabu ya themanini na nne, ya kulia na ya kushoto, mkono unateleza kwa jasho, mpaka zikalingana.

Baba akarudi. Mama akapanda, kakaa upande kama kawaida yake, mkono mmoja begani kwa Baba, wa pili kashika ushungi. Nikasimama mlangoni. Mbele ya duka kuna shimo ambalo mtaa mzima unalijua. Pikipiki ikashuka, ikapanda, polepole, kama mtu anayekaa kwenye godoro. Nikaona mabega ya Mama yanatikisika, nikajua mgongo umemuuma.

Kumbe anacheka.

Waliporudi hakushuka. "Tena," akasema. Wakaenda tena, na tena, mpaka wanaume wa barazani wakaacha karata zao.

"Bi harusi huyo anapelekwa," mmoja akasema.

"Na wewe hukualikwa," Mama akamjibu, akampungia mkono.

Baba alizima injini, kifua mbele. "Unaona?" akaniambia. "Ile sitini nimeipimia barabara."

"Si nlikwambia," Mama akasema, anajifuta machozi ya kicheko. Mimi nilikuwa na shughuli kubwa ya kupangusa spana ambayo haikuwa na uchafu.

Asubuhi ya Jumapili Mama alitoka kavaa buibui lake zuri, na kikapu cha mchele, sukari, tende na halua ya bibi. Baba alikuwa ndani anatafuta kofia yake ngumu. Mama akakitua kikapu miguuni kwangu, akaniinamia sikioni.

"Na hiki nacho, mwanangu, kizungushie pete yake."

Nikachukua spana, nikapiga magoti nyuma ya pikipiki.