Kamba Mbili za Mlingoti, Kibirizi hadi Mwamgongo

Tangu nistaafu uuguzi huko Dodoma, kukaa kumenishinda. Nilifua mapazia yaliyokuwa safi, nikahamisha makochi hadi majirani wakaniuliza kama nahama. Kaka yangu Hamisi aliponipigia simu kutoka Ujiji kwamba binti yake Mwajuma amejifungua kule Mwamgongo, na kwamba yeye anataka tukamwone mjukuu kwa mashua ya tanga, nilianza kupanga begi kabla hajamaliza kusema. Kwa nini asipande boti ya abiria kama watu wengine, sikumuuliza.

Ujiji, jioni niliyoshuka kwenye treni, wifi yangu Zuhura alinivutia jikoni.

"Mkono wake wa kulia haujarudi tangu kile kiharusi," alisema. "Anauficha. Mimi nimekataa kupanda. Wewe nenda naye, wifi Tatu, lakini umtazame."

Kibirizi, asubuhi iliyofuata, nilikiona chombo chenyewe: mashua ya kizungu ya kusafiria, yenye kijumba cha vitanda viwili, ambayo kaka aliachiwa na mwalimu mgeni aliyerudi kwao. Kaka alilaza shavu kwenye mlingoti, akafumba jicho moja, akatazama juu.

"Umelalia kushoto," alisema. "Kaza waya wa kulia. Nusu mzunguko tu."

Nikazungusha skrubu ya waya mzunguko mzima.

"Tatu! Nimesema nusu."

Kisha akanionyesha kamba mbili zinazotoka juu mlingotini hadi nyuma ya mashua, moja kila upande. Ya upande unakotoka upepo hukazwa, ndiyo inayouzuia mlingoti usiangukie mbele. Ya pili hulegezwa ili tanga lipate nafasi. Tanga likihama upande, kamba nazo zinabadilishana kazi.

"Kaza mpya kwanza, ndipo ulegeze ya zamani," alisema. "Na usubiri neno langu."

Saa tatu tuliondoka, upepo wa kusini ukitusukuma, tanga likiwa limetanuka kushoto na vilima vikituandama kulia. Kaka alishika usukani kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulilala pajani. Mimi nilisimama, nikakaa, nikakunja kamba iliyokuwa imekunjwa tayari.

Tulipokipita kijiji cha Mtanga upepo uligeuka kidogo, akasema tutahamisha tanga. Alikuwa bado analivuta katikati nilipoona kamba ya kulia imekaza mno. Nikailegeza. Ile ya kushoto nilikuwa sijaigusa.

Tanga lilivuka kwa kishindo. Mlingoti ulipinda mbele kama fimbo ya ndoano iliyonasa samaki, kamba ya kushoto ikanyooka ghafla, na ile pete ya chuma inayoishika chini ikafunguka nusu. Kaka aliinuka kuidaka kwa mkono wa kulia. Vidole havikufunga. Niliviona vikiteleza kwenye kamba, naye akaona kwamba nimeviona.

Tulishusha tanga, tukawasha injini. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilisema samahani mara nne, akaitikia kwa kichwa, akitazama maji.

Mwamgongo, adhuhuri, Mwajuma alitupokea ufukweni na mtoto mgongoni. Alimwamkia baba yake, akaniamkia na mimi, ndipo akaiona ile pete.

"Baba, umeendesha kwa mkono huo?"

"Mkono una nini?" kaka alijibu. "Nipe mjukuu wangu."

Akampakata kwa mkono wa kushoto. Mume wa Mwajuma, Idi, mvuvi wa dagaa asiye na maneno mengi, alileta pete nene ya nanga yake kuukuu. Mchana kutwa tulifunga na kufungua. Kaka alikuwa akielekeza, Idi akigongelea, nami nimekalia mikono yangu ili isitangulie.

Siku ya tatu, alfajiri, tuliagana. Kurudi kulikuwa kugumu. Upepo ulitoka mbele, tukapanda kwa kukatakata, mara kuelekea ziwani, mara kuelekea vilimani, na kila tulipogeuka kamba zilibadilishana kazi.

"Kaza," alisema kaka. Nikakaza. "Subiri." Nikasubiri, viganja vikiniwasha. "Sasa, legeza."

Saa tano, Kibirizi ikionekana, upepo uliongezeka. Wimbi liliupiga usukani, ukamponyoka kaka mkono wa kushoto. Akaukamata kwa mikono yote miwili. Ule wa kulia uliteleza, ukarudi, ukateleza tena, na mashua ikaanza kuyumba. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kumrukia. Nikamtazama usoni, nikabaki pale pale, kamba mkononi.

"Tatu," alisema hatimaye. "Njoo uushike. Mimi siwezi."

Nilifunga kamba, nikaushika. Yeye alihamia ubavuni, akaegemeza mgongo na kuniongoza kwa maneno hadi mchangani. Zuhura alikuwa amesimama pale, leso begani.

"Mkono umekataa, mke wangu," kaka alimwambia kabla hajaulizwa. "Kesho twende hospitali wautazame."

Katika miaka yangu yote wodini nilijua kuwahi. Ilinibidi nifike ziwani, nikiwa na umri huu, kujifunza kumsubiri mtu aseme mwenyewe. Jioni ile nilikwenda stesheni kusogeza mbele siku ya tiketi yangu ya kurudi Dodoma, kisha nikarudi Ujiji polepole, kwa miguu.